Mchore Dingonek apendeze, lakini mwachie meno

Ukitaka kujua kama mchoro wako umefaulu, usiwaulize mabeshte zako kwenye WhatsApp. Hao watakutumia emoji ya moto hata kama umechora kiatu. Mwonyeshe mtoto wa miaka sita. Huyo hakuonei haya, na wala hana deni lako.

Likizo ya Aprili nilikuwa nyumbani Migori. Okewa, yaani mtoto wa dada yangu, alinisumbua nimchoree "kitu cha kutisha, lakini si sana." Nikachukua daftari lake la hesabu, lile la miraba, nikamchorea dubwana la Mto Migori. Nilijikakamua kweli: kichwa cha mviringo, macho makubwa, tumbo la kubembeleza. Mtoi akalitazama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha akatoa hukumu.

"Nera, huyu ni paka."

Nera ndilo jina ambalo mtoto wa Kijaluo humwita mjomba wake. Ni jina la heshima, lakini siku hiyo halikunisaidia.

"Paka gani anaishi mtoni?" nikamuuliza.

"Paka mnono."

Ilinichukua siku tatu kumtoa huyo paka kwenye mchoro. Na nilipofaulu, nilifaulu kupita kiasi, mpaka nikaingia matatani na mama yangu mzazi. Hayo nitakusimulia. Kwanza nataka wewe mwenyewe ushike penseli, maana dubwana hili ni la hapa kwetu, limelala kwenye kitabu cha mgeni kwa zaidi ya miaka mia moja, na sisi tunaochora bado tunakimbilia Godzilla na Pikachu.

Dingonek ni nani?

Mwaka wa 1910, Mmarekani aitwaye Edgar Beecher Bronson alichapisha kitabu kiitwacho In Closed Territory, kuhusu safari zake za uwindaji Afrika Mashariki. Humo anasimulia alichoambiwa na mwindaji mwenzake, John Alfred Jordan. Jordan alidai kwamba katika mto alioutaja kama Maggori, ambao ndio huu Migori wetu kwa tahajia za enzi hizo, aliona mnyama ambaye hakuwahi kumwona mahali pengine.

Sikiliza sifa zake, kisha uniambie kama si kazi ya msanii. Urefu wa mita nne hivi au zaidi. Kichwa kikubwa kama cha simba jike, lakini chenye umbo na alama za chui. Meno mawili meupe, marefu, yaliyoshuka moja kwa moja kutoka taya la juu. Mgongo mpana kama wa kiboko, wenye magamba, na juu ya magamba hayo madoadoa ya chui. Mkia mpana kama pezi la samaki, ambao aliupepea polepole ili asimame palepale majini, akiwa ameelekea juu mto unakotoka, ijapokuwa maji yalikuwa yakienda kasi.

Jordan akampiga risasi nyuma ya sikio. Mnyama akaruka juu kutoka majini, na mwindaji wetu hodari akatimua mbio. Waelekezaji wake walikuwa Wakipsigis, ambao wakoloni wakati huo waliwaita Lumbwa, na jina Dingonek alilipata kwao. Mwaka wa 1913, C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi upande huu wa ziwa, alimwandika tena Dingonek katika jarida la wapenzi wa elimu ya viumbe, kwenye makala kuhusu wanyama wasiotambulika.

Tangu hapo hakuna ngozi, hakuna mfupa, hakuna picha. Sayansi haijamwandikisha. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukienda darajani alfajiri utampata akiota jua. Tulicho nacho ni hadithi ya mwindaji mmoja, iliyoandikwa na mwindaji mwingine, kuhusu mto ambao wewe na mimi tunaujua. Mto huo unashuka kutoka nyanda za juu za upande wa Trans Mara, unapita mjini Migori, unakutana na Mto Kuja, na maji yao yanaingia Ziwa Victoria huko Nyatike.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Ili kueleza magamba ya Dingonek, kitabu kinamlinganisha na armadillo, mnyama wa bara la Amerika. Mjaluo, Mkuria au Mkipsigis wa wakati ule angemwona armadillo wapi? Mnyama wa magamba wa huku kwetu ni kakakuona. Na sio lazima uende mbali: msitu wa Nyakweri, huko Trans Mara katika kaunti jirani ya Narok, unajulikana leo kama makazi ya kakakuona mkubwa, mnyama adimu sana nchini Kenya. Kwa hiyo unapochora magamba, sahau armadillo. Tafuta picha ya kakakuona uichunguze. Hapo tayari umemrudisha Dingonek nyumbani hatua moja.

Kwa nini kitoto kinatuyeyusha?

Mtindo wa katuni ya kupendeza, ambao vijana wanauita kyuti, haukuzuka hewani. Mwaka wa 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama Konrad Lorenz alieleza alama ambazo zikikutana usoni, moyo wa mtu mzima hulainika: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji la uso pana, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu ya mviringo, mikono na miguu mifupi minene. Kwa kifupi, mtoto mchanga. Ukiziweka alama hizo kwa mbwa, kwa gari, hata kwa sufuria, watu watasema "aaaw."

Wasanii walikuwa wanaijua siri hiyo hata kabla ya kuisoma. Mickey Mouse alipotoka mwaka wa 1928 alikuwa na pua ndefu na vituko vya mtaani. Kadiri miaka ilivyopita kichwa chake kilikua na macho yakapanuka, na mwaka wa 1979 mwanasayansi Stephen Jay Gould aliandika insha kuhusu jinsi panya huyo alivyozidi kuwa mtoto huku umri ukienda mbele. Japani nao wakamtoa Hello Kitty mwaka wa 1974, kisha michezo ya kwanza ya Pokemon mwaka wa 1996. Mtindo wao wa chibi, neno linalomaanisha kitu kifupi au kidogo, ndio huo unaouona kwenye stika nusu ya zile ulizohifadhi kwenye simu.

Na usifikiri haya ni ya ughaibuni tu. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, zilitengenezwa hapa Nairobi, na zilichukua rangi na macho ya mviringo kutoka kwa mtindo ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata zamani zaidi, wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau, na katika miaka ya 1980 Terry Hirst aliziweka hadithi zetu, ikiwemo ya Luanda Magere, kwenye vitabu vya katuni vya Pichadithi. Njia ilishapasuliwa. Kilichobaki ni wewe kuitembea.

Shika penseli sasa

Hatua ya kwanza haihitaji kuchora. Andika sifa zote za dubwana lako kwenye karatasi, kisha chagua tatu ambazo ukizifuta, si yeye tena. Hapa ndipo mimi nilipoteleza mara ya kwanza. Nilimwondolea Dingonek meno ili asitishe, nikamfupishia mkia ili aenee kwenye ukurasa, nikabakiza madoadoa na masikio. Ukimwondolea chui wa majini meno na mkia, si unabaki na paka? Mtoi alikuwa sahihi. Chaguo langu la sasa ni meno mawili, mkia wa pezi na magamba yenye madoadoa. Mengine yote unaweza kuyachezea.

Pili, chora duara na yai. Duara ni kichwa, yai ni mwili, na viwe karibu sawa kwa urefu. Mwili wa binadamu mzima una urefu wa vichwa saba hivi; Dingonek wetu awe na viwili tu. Chora kwa mkono mwepesi, maana mistari hii utaifuta.

Tatu, gawa duara kwa mstari wa kulala katikati. Macho yakae chini ya mstari huo, si juu yake, na yaachane vya kutosha kuweka jicho la tatu katikati yao. Ndani ya kila jicho acha doa jeupe la mwanga, na madoa yote mawili yawe upande mmoja. Ukiliweka moja kushoto na jingine kulia, ataonekana kama amelewa chang'aa.

Nne, pua na mdomo viwe vidogo, karibu na macho. Kisha shusha meno. Yatoke taya la juu, yanyooke chini, yapite kidevu. Ncha zake zizungushe kidogo, zisiwe kama sindano. Jino lenye ncha ya mviringo linasema "mimi ni jino" bila kusema "nitakuchana."

Tano, miguu. Mifupi, bila magoti, kama mkate wa boflo uliosimamishwa. Kila mguu makucha matatu yanatosha. Hesabu ya katuni haifanani na hesabu ya biolojia.

Sita, mkia. Usiubanie nafasi. Uchore mpana, karibu ukubwa wa kichwa, ukiwa umejikunja upande mmoja. Mkia huu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba huyu ni mtu wa majini hata kabla hujachora tone la maji.

Saba, magamba. Kishawishi hapa ni kujaza mwili mzima kama vigae vya bafu. Wacha. Chora nusu duara saba au nane mgongoni, nyingine jicho litajijazia. Tumbo liache tupu kabisa. Madoadoa yaweke kwa vikundi vya matatu matatu, makubwa karibu na shingo na madogo kuelekea mkiani.

Nane, pitisha biro au kalamu ya wino juu ya penseli. Mstari wa nje uwe mnene, wa ndani uwe mwembamba. Subiri ukauke kabla ya kufuta. Ukiwa na haraka ya matatu, utaupaka wino uso mzima, na hapo utakuwa umechora dubwana kweli.

Kama una simu tu, bado uko fiti. Piga picha mchoro wako wa penseli, ifungue kwenye programu ya kuchora kama ibisPaint, ambayo ina toleo la bure, ififishe kidogo, kisha ongeza tabaka jipya juu yake na uchore safi kwa kidole. Uzuri wa matabaka ni kwamba ukiharibu rangi, mstari unabaki salama.

Kuhusu rangi, nakuomba jambo moja. Usimweke kwenye maji ya bluu. Umeuona Mto Migori baada ya mvua? Ni rangi ya chai ya maziwa. Ukimweka Dingonek kwenye maji ya namna hiyo, na kando yake mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji kama yale ya Thimlich Ohinga, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, mtu wa Migori atajua hapo ni kwao bila kusoma neno.

Mwisho, mtihani wa kivuli. Mjaze mchoro mzima rangi nyeusi na umwonyeshe mtu. Akisema "paka," rudi hatua ya kwanza.

Nilipofaulu kupita kiasi

Siku ya tatu nilipita mtihani. Okewa alimtambua Dingonek akiwa kivuli tu. Nikampaka rangi, nikamkata kwa makasi, tukambandika mlangoni. Alikuwa ametabasamu, mashavu mekundu, meno nimeyapunguza yakawa kama ya sungura, mkono mmoja juu akipunga. Nikampiga picha, nikaweka kwenye status. Moto, moto, moto.

Jumapili jioni mtoto akanijia na kipande cha mkate mkononi.

"Nera, twende mtoni tumpelekee Dingonek. Ana njaa."

Dada yangu alikuwa anasonga kuon. Mwiko ukasimama sufuriani. Mama yangu, ambaye kwa mtoto huyo ni dani, nyanya yake, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Hakupandisha sauti. Aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akasema:

"Sisi tuliwaambia mto una mwenyewe. Wewe umemwambia mtoto mto una rafiki."

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Naamini wewe pia hungelipata.

Maana fikiria. Zamani watoto wa Kijaluo walikusanyika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, wakasikiliza sigana usiku. Humo ndimo yalimokaa mazimwi kama Apul Apul, mla watu. Tukiwa wadogo tulidhani wazee wanafurahia tu kutunyima usingizi. Lakini angalia mahali tunapoishi. Mto Migori hupanda ghafla mvua ikinyesha juu milimani hata kama kwako kumekauka. Mto Kuja umefurika mara nyingi Nyatike na kuwahamisha watu. Ukishuka Homa Bay, kuna fuo ambapo watu huchota maji, huoga na kuvua mahali palepale viboko na mamba wanapoishi, na watu wameumia na wengine kufa. Mama aliye shambani hawezi kumchunga mtoto kila dakika. Dubwana la hadithi lilimsaidia kuchunga. Lilikaa ukingoni likamngojea mtoto anayekwenda peke yake.

Sasa mimi nimekuja na biro yangu, nimemfuta mlinzi huyo kazi. Nimemfanya kibonzo.

Hili si tatizo langu peke yangu. Unamkumbuka Moo Deng, kiboko mdogo wa Thailand aliyeitikisa intaneti mwaka wa 2024? Dunia nzima ilimpenda, na mimi nilikuwa na stika zake. Yeye ni wa jamii ya viboko vijeba na anaishi nyuma ya ukuta wa bustani ya wanyama. Kiboko wa Homa Bay hana ukuta, ana uzito wa zaidi ya tani moja, na usiku anatoka majini kuja kula nyasi karibu na nyumba za watu. Mtoto wa Bangkok akimpenda kiboko, hapotezi kitu. Mtoto wa Mbita au Kendu Bay akimpenda kwa namna hiyohiyo, mzazi wake halali.

Basi tuache kuchora?

Hapana. Nilikaa na swali hilo usiku kucha, na jibu nililopata ni kwamba kosa halikuwa macho makubwa. Kosa lilikuwa meno ya sungura na ule mkono wa kupunga. Nilikuwa nimeondoa kitu ambacho hadithi ilikuja kufanya.

Kesho yake nilimchora upya. Macho yaleyale, tumbo lilelile. Lakini meno nikayarudisha mpaka chini ya kidevu. Nikamsimamisha ukingoni, mgongo ukiwa umeelekea maji, uso kwetu, mikono ameifunga kifuani, nyusi zimeshuka kidogo tu. Nyusi, ndugu yangu, ni jambo dogo lenye nguvu nyingi. Mstari mmoja ulioinamia ndani juu ya kila jicho, na mtoto mchanga anageuka kuwa askari.

Okewa akamkagua.

"Amekasirika?"

"La. Anasema hakuna kupita bila mtu mkubwa."

Akafikiri. "Kama askari wa geti la shule."

"Kama huyo."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kanuni ninayokuachia: kila dubwana lina meno yake, na si lazima yawe mdomoni. Kazi yako kabla ya kulifanya lipendeze ni kuyatafuta meno hayo na kuyaacha mahali pake.

Jaribu na hadithi za Homa Bay uone. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima. Wanasimulia kwamba hapo palikuwa kijiji. Usiku mmoja wa karamu alikuja bibi kizee akiomba mahali pa kujistiri, akafukuzwa kila mlango isipokuwa kwa mwanamke mmoja. Usiku huohuo maji yakakimeza kijiji. Kule Gwassi, Nyandiwa, wanamsimulia Nyamgondho, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke mzee kwenye mtego wake, akamwoa, akatajirika, kisha akamtukana. Mwanamke akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Kumchora bibi huyo kwa mtindo wa chibi ni rahisi: kichwa kikubwa, mikunjo miwili, fimbo. Lakini meno ya hadithi ni yapi? Ni ule mlango uliofungwa na ile dharau. Ukimchora bibi akitabasamu peke yake, umechora nyanya yeyote. Mchore mdogo mbele ya mlango mkubwa, mwanga wa karamu ukipita chini ya mlango, na tone moja la maji miguuni pake. Hapo anapendeza na bado nywele zinasimama.

Au chukua Nunda wa pwani, ambaye Edward Steere alimchapisha kwenye mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili mwaka wa 1870. Nunda alianza akiwa paka wa sultani. Akala mifugo. Akaendelea, sultani akamtetea, mpaka paka akawa mla watu na kuwageukia wana wa sultani mwenyewe. Ajabu ni kwamba kumchora Nunda kyuti hakuharibu hadithi. Upole wake wa mwanzo ndio meno yenyewe. Mchore mara tatu, kila mara uso uleule mtamu, kila mara mwili mkubwa zaidi.

Na kama unataka dubwana la leo, liko Migori. Kwenye migodi midogo ya dhahabu wachimbaji hutumia zebaki kunasa dhahabu, mara nyingi kwa mikono mitupu, na zebaki hiyo hufika udongoni na majini. Sumu ya namna hiyo haina umbo, haina harufu ya kukushtua, na mtoto hawezi kuiogopa kwa kuiangalia. Ni Japani hiyohiyo ya Hello Kitty ambako ugonjwa wa Minamata uligunduliwa mwaka wa 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini na watu kula samaki. Dingonek aliyefunga mikono kwenye bango la shule karibu na mgodi anaweza kusema kwa sekunde moja jambo ambalo kikao cha chifu kingelisema kwa saa mbili.

Ukitaka kula kwa jasho lako

Usiweke kazi yako mtandaoni ukaondoka hivihivi. Tia sahihi ndani ya mchoro, si pembeni ambapo mtu ataikata. Mchoro wako ni mali yako tangu ulipouchora, na kwa sheria ya Kenya hakimiliki hiyo inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kupitia mtandao, na usajili huo utakusaidia siku utakapokuta Dingonek wako kwenye fulana ya mtu mwingine sokoni.

Lakini hadithi yenyewe si yako. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na hata bila sheria kuna adabu. Ukitumia Simbi Nyaima kwenye stika za kuuza, taja Kendu Bay. Waulize wazee wa pale kama kuna namna ambayo hawapendi ichorwe. Jordan alipita na bunduki, akachukua hadithi, na waliomwongoza mtoni wakabaki mistari michache ndani ya kitabu cha Bronson. Wewe una nafasi ya kufanya vizuri zaidi ya hapo.

Siku niliyoondoka Migori, watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama mlangoni wakimshangaa Dingonek mpya. Mmoja wao akasema ni mzuri, akauliza kama anauma. Okewa alikuwa amekunja mikono kifuani na kushusha nyusi kama alivyoona kwenye karatasi.

"Haumi," akawaambia. "Lakini ukienda mtoni peke yako, utamkuta hapo amesimama. Na hataki mkate."

Mama yangu akaendelea kuchambua mboga. Hakusema kitu, na mchoro haujabanduliwa mpaka leo.